Programu naitoa bure, tarehe ya mwisho wanapanga wao: kampuni na sisi wa kujitolea tunaishi vipi?

#1 Mng'oko (Mtwara mjini)

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira kidogo, mnivumilie.

Msimu wa korosho wa 2021 nilikaa kwa mjomba Tandahimba, alikuwa anasaidia kwenye chama cha msingi. Kazi ya karani ilikuwa hivi: gunia linapandishwa kwenye mizani, karani anasoma namba, anaiandika daftarini, anaiandika tena kwenye risiti, halafu jioni inaingizwa kwenye kompyuta. Namba moja, mara tatu. Na mizani yenyewe nyuma ina tundu la waya, limejaa vumbi, halijawahi kuchomekwa kitu. Nikaandika programu ndogo inayosoma mizani kupitia huo waya na kuchapa risiti kwenye kile kiprinta cha karatasi nyembamba. Nikaiweka GitHub, ule mtandao wa kuhifadhia na kushirikiana programu, kwa leseni ya MIT, basi.

Siku ya kwanza tu iliniumbua. Kuna aina moja ya mizani inatuma mkato badala ya nukta. Programu yangu ikaumeza ule mkato, gunia la kilo 79.4 likachapwa kilo 794. Mzee mwenye gunia akaisoma risiti, akaikunja taratibu, akaitia mfuko wa shati, akasema, "Msiirekebishe mpaka nimalize magunia yangu." Nilirekebisha usiku uleule.

Sasa mambo yamekua. Kuna kampuni ya Dar (sitaitaja) inauza mfumo kwa vyama vya ushirika, na ndani ya mfumo wao imo programu yangu. Sina neno, leseni inaruhusu. Ila wiki iliyopita nimeletewa kiraka kimoja, yaani mabadiliko ya msimbo (maandishi ya programu) ninayoombwa niyaunganishe kwenye mradi: mistari zaidi ya 4,000, mafaili 61, maelezo yake ni maneno mawili tu, "Maboresho mbalimbali". Siku ya pili ikaja barua pepe ya meneja nisiyemjua: "Tunaomba iunganishwe kabla ya Ijumaa, wateja wanasubiri."

Mimi mchana nauza nondo na saruji kwenye duka la watu. Programu naigusa saa nne usiku watoto wakilala, kwa bando langu mwenyewe. Kusoma mistari 4,000 si kazi ya Ijumaa.

Nikikataa naogopa watanakili mradi mzima waende zao, na vyama vyote viwafuate. Nikikubali bila kusoma, siku risiti ya mkulima ikitoka mbovu jina langu ndilo lipo juu. Wenzetu huko duniani wanapatanaje na kampuni? Shusheni nondo, za kichwani siyo za dukani.

#2 Kijana wa Shangani

Watumie ankara. Uzi ufungwe.

#3 fundi_lindi

Mkuu usije ukaanza na ankara. Leseni ya MIT ulichagua mwenyewe, hukushikiwa bunduki. Inasema mtu yeyote atumie, auze, abadilishe, mradi abakishe tangazo la hakimiliki. Hawana deni lako hata senti.

Ila isome mpaka chini, pale pa herufi kubwa: programu inatolewa kama ilivyo, bila dhamana ya aina yoyote. Kwa hiyo na wewe huna deni lao. Si la Ijumaa wala la mwaka kesho. Watu wengi wanaishika nusu ya kwanza ya leseni, ya pili wanaifumbia macho.

#4 Kijana wa Shangani

Kwa hiyo hakuna pesa hapa. Naenda kula pweza.

#5 Mwana wa Nachingwea (niko Dar)

Mng'oko, nimefanya kazi pande zote mbili. Nimekuwa mjitoleaji, na sasa nalipwa na kampuni kuandika msimbo ambao sehemu yake inarudi kwenye miradi huria, ile ambayo msimbo wake uko wazi kwa wote. Nitaeleza mradi mmoja kwa kirefu, Linux, mfumo endeshi wa kompyuta, kwa sababu wale wameishi na kampuni kubwa kwa miaka mingi na bado hawajamezwa.

Linus Torvalds aliutangaza 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, akasema ni kitu cha kujifurahisha tu. Leo sehemu kubwa ya mabadiliko yanayoingia kwenye kiini cha Linux yanaandikwa na watu wenye mishahara: Intel, Red Hat, Google, Huawei na wengineo, kampuni ambazo sokoni ni mahasimu. Sasa angalia mlango wanaoingilia.

Kwanza, kampuni haipeleki kiraka. Mtu ndiye anapeleka. Kila kiraka kina mstari wenye jina na barua pepe ya mtu anayetamka kwamba ana haki ya kukitoa. Utaratibu huo uliwekwa 2004, baada ya kampuni ya SCO kufungua kesi dhidi ya IBM 2003 ikidai msimbo wake umeingizwa kwenye Linux. Tangu hapo kila mchango una mwenyewe anayejulikana. Ukiuliza "nani kaleta hiki", hujibiwi "idara yetu".

Pili, kuna watunzaji wa kila eneo. Huyu anatunza mambo ya mtandao, yule mafaili, mwingine aina fulani ya kadi za picha. Kuna faili zima ndani ya mradi linaloorodhesha nani anatunza nini. Mhandisi wa kampuni anapeleka kazi yake kwa mtunzaji wa eneo husika, kwa barua pepe ambayo dunia nzima inaisoma. Mtunzaji anaweza kuwa mwajiriwa wa kampuni shindani. Naye akikataa, anakataa hadharani na kutoa sababu, na wote wanaona kama ni sababu ya kiufundi au chuki za soko.

Tatu, tarehe, ambapo ndipo penye kidonda chako. Toleo jipya la Linux hutoka kila baada ya wiki 9 au 10 hivi. Wiki mbili za mwanzo ndizo za kupokea vitu vipya, zinazobaki ni za kurekebisha kasoro tu. Ukikosa zile wiki mbili, unasubiri duru inayofuata, hata ukiwa kampuni yenye thamani kuliko bajeti ya nchi. Ni kama basi la Mtwara kwenda Dar: linaondoka alfajiri, halimsubiri mtu kwa kuwa ana mzigo mkubwa. Ukilikosa unalala, unapanda la kesho. Na kwa sababu basi la kesho lipo kweli, hakuna anayepigana mlangoni.

Na hicho kiraka cha mistari 4,000 kule kingerudishwa bila kusomwa. Kanuni ni kwamba kiraka kimoja kinafanya jambo moja na kinaeleza kwa nini. Mambo tisa, viraka tisa, vinavyofuatana. Kanuni hii ipo kumlinda msomaji, kwa sababu kwenye programu huria uhaba wa kweli siyo wa waandishi, ni wa wasomaji. Kampuni inaweza kuajiri watu 20 waandike kwa mwezi mmoja. Anayesoma ni wewe peke yako, saa nne usiku.

Kuhusu hofu yako ya wao kunakili mradi na kwenda zao: waache wajaribu. Nimeshuhudia kampuni ikibeba viraka vyake pembeni. Kila mradi mkuu unapotoa toleo jipya, lazima vile viraka vivaliwe upya, na vinagongana. Mwaka wa kwanza ni saa mbili. Mwaka wa tatu kuna mtu kaajiriwa kwa kazi hiyo tu, na huyo mtu anatafuta kazi kwingine. Kurudisha kazi kwenye mradi mkuu hawafanyi kwa wema, wanafanya kwa sababu ni nafuu. Meneja wao bado hajaijua hesabu hiyo. Mhandisi wao labda anaijua.

#6 mwanafunzi_stemmuco

Nimeweka kambi hapa. Swali dogo: kama Linux wengi wanalipwa, hao "wajitoleaji" wako wapi sasa? Au ni hadithi?

#7 Dada wa Mikindani

Wako chini kabisa ya nyumba, pale usipopaona, wameshika msingi.

OpenSSL ndiyo ilikuwa inalinda tovuti nyingi sana duniani, benki humohumo. Aprili 2014 ikagunduliwa kasoro iliyoitwa Heartbleed. Watu walipochungulia nani anaitunza, wakakuta mtu mmoja tu anayeifanya kazi hiyo muda wote, na michango ya hiari iliyokuwa ikiingia ni kama dola 2,000 kwa mwaka. Kwa mwaka, ndugu zangu. Kampuni za mabilioni zimekaa juu ya kigoda cha mguu mmoja. Baada ya fedheha hiyo Linux Foundation, taasisi inayolea miradi huria, ikaanzisha mfuko na kampuni kubwa zikachanga.

Desemba 2021 ikawa zamu ya Log4j. Programu ya kuandika kumbukumbu za mfumo, kitu ambacho hakuna anayekifikiria, kumbe imo kila kona kwenye mifumo iliyoandikwa kwa lugha ya Java. Watunzaji wake, wajitoleaji wa taasisi ya programu huria ya Apache, waliacha familia zao wakahangaika nayo mpaka karibu na Krismasi, na huku baadhi ya watu wasiowahi kuchangia lolote wanawatukana mtandaoni.

Kwa hiyo mwanafunzi, kanuni haiandikwi popote lakini ndiyo hiyo: kinachong'aa kampuni zinakigombania, kinachochosha kinaachiwa mtu mmoja. Mng'oko, programu yako ya mizani haing'ai hata kidogo. Usishangae uko peke yako.

#8 Bepari Mpole

Naomba nitie mchanga kwenye pilau. Mnawapamba sana hawa. Kampuni ikishaushika mradi inaubadilishia leseni, huo ndio mwisho wake.

Elasticsearch, programu ya kutafutia taarifa, 2021 wakabadilisha leseni, Amazon ikachepua (yaani ikanakili na kuendeleza kivyake) OpenSearch. Terraform, ya kuandalia seva, Agosti 2023 leseni ikabadilishwa, watu wakaanzisha OpenTofu na kuipeleka Linux Foundation. Redis, ya kuhifadhia data, Machi 2024 hadithi ileile, ikazaliwa Valkey. Na katika zote hizo, wajitoleaji waliochangia miaka yote hawakuulizwa.

#9 Mwana wa Nachingwea

Mkuu hujakosea, ila malizia hadithi. Elastic ilirudisha leseni huria 2024, na Redis nayo 2025. Nani aliwarudisha? Zile nakala zilizochepuliwa ndizo zilizoonyesha kwamba watu wanaweza kuhama kweli.

Pia tazama kilichowapa uwezo wa kubadilisha. Ukisaini mkataba wa mchangiaji unaoipa kampuni haki pana juu ya ulichoandika, umeipa na uwezo wa kukitoa chini ya leseni nyingine kesho. Linux hawana mkataba huo, wana ule mstari wa jina tu. Hakimiliki imetawanyika kwa maelfu ya watu, ndiyo maana hata Linus mwenyewe hawezi kuamka asubuhi akabadilisha leseni. Mng'oko, wakikuletea karatasi ya kusaini kuhusu mradi wako, ilete hapa kwanza.

Mfano mwingine ninaoupenda ni PostgreSQL, programu huria ya hifadhidata. Kundi lao la uongozi lilikuwa na kanuni isiyoandikwa: waajiriwa wa kampuni moja wasizidi nusu ya viti. Mwaka 2020 EnterpriseDB ikainunua 2ndQuadrant, na ghafla watu waliokuwa kampuni mbili wakawa wa kampuni moja, hesabu ikavuka nusu. Hakuna aliyefukuzwa. Kundi likaongeza watu wengine mpaka uwiano ukarudi. Wametangaza, wamemaliza, watu wakaendelea na kazi.

#10 Karani Mstaafu (Newala)

Vijana, nawasoma tangu jana. Mjukuu wangu ndiye kanifungulia huu ukurasa.

Mimi nimepima korosho kwenye chama cha msingi miaka mingi, kabla na baada ya stakabadhi ghalani kuanza. Haya ya leseni siyajui. Ninalolijua ni mizani. Mizani haikai chumba cha ndani. Inakaa mlangoni, uso wake unamwelekea mkulima, naye anasoma namba sawa na ninavyosoma mimi. Siku karani akiigeuza mizani ikamwelekea yeye peke yake, hata kama hakuiba kitu, watu wataanza kunong'ona, na mwaka huo utagombana na kila mtu.

Huyu meneja kakuandikia barua pepe ya siri. Kwa nini? Kama ana haja na programu, aseme pale ambapo kila mtumiaji anaona.

Na mimi nina swali langu. Ninyi mkigombana na hiyo kampuni, mizani ya chama chetu itaendelea kusoma? Maana msimu hausubiri.

#11 Mng'oko

Shikamoo mzee. Swali lako ndilo limeninyima usingizi jana, siyo la meneja. Jibu ni kwamba iliyopo sasa itaendelea kusoma hata tukigombana, haihitaji ruhusa yangu wala yao. Tatizo litakuja mkinunua mizani mpya ya aina nyingine. Hapo lazima mtu aiongeze, na huyo mtu ni mimi au wao.

Wakuu wote asanteni, nimesoma kila kitu. Nakuja na mrejesho nikitoka dukani.

#12 Karani Mstaafu (Newala)

Marahaba.

#13 Dada wa Mikindani

Kabla hujarudi, Mng'oko, naomba usome hiki. Nilikuwa nakificha kwa sababu kinatisha, lakini barua ya meneja imenikumbusha.

Kuna programu inaitwa xz, ya kubana mafaili. Mtunzaji wake alikuwa mmoja, Lasse Collin, anaifanya bila malipo. Mwaka 2021 akajitokeza mchangiaji anayejiita Jia Tan. Viraka vizuri, lugha ya adabu. Mwaka 2022 zikaibuka akaunti nyingine zikimlalamikia Collin hadharani: unachelewa, mradi unakufa, mpe mtu mwingine usimamizi. Mjitoleaji mmoja, amechoka, anasukumwa kila upande, na pembeni yake kuna kijana mchapakazi yuko tayari kusaidia. Ungefanyaje? Akampa nafasi.

Mwanzoni mwa 2024 matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yakatoka yakiwa na mlango wa siri ndani, wa kumwezesha mtu kuingia kwenye seva za watu. Aliyegundua ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft anayechangia PostgreSQL. Alikuwa akipima mambo yake, akaona kuingia kwenye mashine kunachelewa kama nusu sekunde zaidi. Nusu sekunde! Wengi wetu tungelaumu mtandao tukaenda kunywa chai. Yeye akachimba mpaka akaufikia mlango, na Machi 29 akatangaza hadharani.

Tazama pande zote mbili hapo. Aliyeokoa jahazi anakula mshahara wa kampuni, na mshahara ndio uliompa muda wa kuhangaika na nusu sekunde. Aliyeachwa peke yake kwenye dhoruba ni mjitoleaji ambaye kampuni zote zilimtegemea na hakuna iliyomtumia hata msaidizi wa kusoma viraka.

Sisemi hao wa Dar ni wezi. Nasema mtu akikuharakisha, hiyo haraka peke yake ni sababu ya kupunguza mwendo.

#14 Kijana wa Shangani

Nimerudi kutoka kwenye pweza nikakuta ujasusi. Huu uzi umekuwa mtamu.

#15 mwanafunzi_stemmuco

Dada nusu sekunde hiyo imenimaliza. Huku kwetu nikiingia kwenye seva nasubiri sekunde sita naona mtandao umeamka vizuri.

Halafu mnishauri, nataka kuchangia miradi huria ili nipate jina. Kuna mtu kaniambia nitume viraka vingi vya kurekebisha herufi ndiyo rahisi.

#16 fundi_lindi

Usifanye hivyo mdogo wangu. Kwenye Hacktoberfest ya 2020, kampeni ya kila Oktoba ya kuhamasisha watu wachangie miradi huria, walikuwa wanatoa fulana kwa atakayetuma viraka vinne mwezi wa kumi. Watu wakaongeza neno moja kwenye maelezo ya kila mradi, maelfu kwa maelfu, watunzaji wakapoteza siku nzima kufuta takataka. Ikabidi ndani ya mwezi huohuo wabadilishe masharti, mradi uhesabiwe tu kama wenyewe umekubali kushiriki. Nilikuwa mmoja wa waliotuma. Fulana sikuipata.

Tafuta programu moja unayoitumia kweli. Itakuudhi mahali. Anzia hapo.

#17 Mama Takwimu (Lindi)

Niongeze mfano wa karibu. Mimi ni mtu wa takwimu za afya, siyo mwandishi wa programu. Taarifa za vituo vya afya nchini zinaingizwa kwenye DHIS2, ambayo ni programu huria. Chimbuko lake ni Afrika Kusini miaka ya 1990, na leo inaongozwa na watu wa Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei, wakishirikiana na vikundi vya nchi mbalimbali, hapa kwetu kikiwemo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Ninachokiona kama mtumiaji: kiini kinatunzwa Oslo na kina ratiba yake, lakini nchi inaweza kutengeneza programu ndogo inayopachikwa juu, bila kugusa kiini. Kwa hiyo tukitaka ripoti ya namna yetu hatuombi ruhusa Norwei na hatumsumbui mtu. Tunaomba pale tu tunapotaka kiini chenyewe kibadilike, na hapo foleni ni ndefu.

Mng'oko, programu yako huwezi kuipasua hivyo? Kiini kisome mizani na kuchapa. Mapambo ya kampuni, nembo, rangi, lugha ya risiti, wayapachike nje.

#18 Mwana wa Nachingwea

Mama, umetupa nondo nzito kuliko zangu zote. Ugomvi mwingi wa kampuni na wajitoleaji ni ugomvi wa watu wawili wanaopika kwenye chungu kimoja wakati mafiga yapo ya kutosha.

#19 Mng'oko

Mrejesho, mrefu kidogo.

Ile barua pepe sikuijibu kwa siri. Niliandika pale kwenye ukurasa wa kiraka, wazi, kwa lugha ya heshima: asante kwa kazi, siwezi kusoma mafaili 61 kwa pamoja, naomba mabadiliko yapasuliwe viraka vidogo, kila kimoja na sababu yake. Matoleo yatatoka mara mbili kwa mwaka, Agosti kabla msimu haujaanza na Februari ukishaisha. Kitakachokuwa tayari kitapanda, kisichokuwa tayari kitasubiri. Basi la alfajiri, kama alivyosema mkuu.

Meneja kimya. Ila usiku mhandisi wao akajibu, kijana tu, jina lake la mwanzo ndilo lipo pale. Anasema hata yeye alikuwa anaona aibu kutuma mzigo ule, aliambiwa "peleka chote". Tukaanza kupasua pamoja. Siku nne, saa nne mpaka saa sita usiku, yeye Dar mimi hapa.

Sasa sikilizeni yaliyokuwemo. Mistari zaidi ya 2,000 ilikuwa ni programu ya kupanga msimbo imehamisha nafasi na mabano, hakuna kilichobadilika. Mingine 900 ni nembo na rangi zao. Katika faili la 43 nikakuta anwani ya seva yao, na chini yake nywila. Nywila kabisa, imekaa wazi, kwenye ukurasa ambao dunia nzima inausoma. Nilimpigia simu badala ya kuandika. Akanyamaza kama sekunde kumi, akasema, "Kaka, subiri." Wameibadilisha nywila usiku uleule. Meneja alitaka niunganishe kitu hicho kabla ya Ijumaa.

Baada ya kupepeta pumba zote, zikabaki punje tisa. Viraka tisa, kikubwa chao mistari 140. Na humo, wakuu, kimo kimoja ambacho ni dhahabu. Mnakumbuka ule mkato wa kilo 794? Mimi niliutibu kwa kubadilisha kila mkato kuwa nukta. Kumbe kuna mizani inayotumia mkato kutenganisha maelfu. Ikipima lori, kilo 1,250 kwangu inasomeka kilo moja na robo. Kwa gunia huwezi kuliona tatizo hilo hata miaka kumi. Wao wameliona kwa sababu wana wateja wenye mizani za malori. Nisingelijua kamwe nikiwa hapa na mizani yangu moja ya kuazima.

Vitano nimeshaunganisha. Nembo na rangi wanatoa nje, kama alivyoshauri Mama Takwimu, nimewaandalia mahali pa kupachika.

#20 Bepari Mpole

Na malipo?

#21 Mng'oko

Nilijua utauliza. Niliwaambia siuzi programu, iko bure na itabaki bure. Ninachoweza kuuza ni saa zangu. Wakitaka aina mpya ya mizani iongezwe kwa tarehe yao, tuandikiane kazi hiyo moja, bei yake, na matokeo yanaingia kwenye mradi kwa leseni ileile kila mtu afaidi. Wanasema watalipeleka kwa wakubwa. Sijashika pumzi.

Ila nimeomba kitu kingine wakakubali papo hapo: yule mhandisi wao apewe saa chache kila wiki, ndani ya mshahara wake, asome viraka vya watu wengine, siyo vya kampuni tu. Hiyo kwangu ni kubwa kuliko laki mbili.

Na wametuma mizani mbili za majaribio kwa basi, zinazotuma namba kwa njia tofauti tofauti. Nimezipokea stendi leo mchana. Boksi moja limelowa, kondakta anasema ni mvua, mimi nanusa samaki.

#22 Dada wa Mikindani

Safi sana kaka. Huyo mhandisi mpe haki ya kusoma na kushauri, ya kuunganisha bado. Nusu sekunde, kumbuka.

#23 Mng'oko

Nakumbuka dada. Kuunganisha tumekubaliana lazima watu wawili, na mmoja asiwe wa kampuni. Kwa hiyo natafuta mtu wa pili ambaye si wao wala si mimi. Mwanafunzi, ule mpango wa kurekebisha herufi umeuacha?

#24 mwanafunzi_stemmuco

Nimeuacha mkuu. Niko tayari, ila mizani sijawahi kuigusa.

#25 Mng'oko

Utaigusa. Moja kati ya hizi mbili, ile iliyolowa, nikiiwasha bila kitu juu inasoma 0.3. Sijui kama ni yenyewe au ni programu yangu. Nani hapa mjini ana mawe ya mizani ya kuaminika, ya kilo ishirini hivi, aniazime jioni moja?

#26 Karani Mstaafu (Newala)

Ninayo mawili, yapo kwa binti yangu Magomeni hapo Mtwara. Nitamwambia. Mje saa kumi, na huyo mwanafunzi aje, ni mazito.